Daktari wa viza anatafuta nini mwilini mwako?

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mtu akiitwa kwa vipimo vya safari, swali lake la kwanza huwa hili: "Wakinikuta na ugonjwa, wataniangusha?" Neno hilo la kuanguka limetoka shuleni. Tumezoea Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari: unaufanya, matokeo yanatoka, mmoja anamwagiwa poda kichwani na mwingine anajifungia chumbani. Kwa hiyo barua ya vipimo ikifika, watu wanajiandaa kama wanafunzi. Mmoja anaacha pombe wiki mbili. Mwingine anakunywa maziwa kila asubuhi ili kifua "kisafishike". Na aliyewahi kuugua ugonjwa mkubwa anaapa mbele ya familia nzima kwamba hatautaja.

Kiapo hicho cha mwisho ndicho kinachovunja safari nyingi kuliko ugonjwa wenyewe. Nitaeleza kwa nini.

Daktari wa viza hapimi kama wewe ni mzima. Anakusanya majibu ya maswali ambayo hakuyatunga yeye, anayatuma kwa serikali ya nchi unakokwenda, na afisa wa huko ndiye anayeamua. Maswali yenyewe ni matatu. Je, una ugonjwa wa kuambukiza wa aina inayohatarisha watu wengine? Je, una hali ya akili au ulevi wa pombe na dawa unaoweza kukufanya uwadhuru wengine au ujidhuru? Na je, matibabu yako yataigharimu nchi ile kupita kiwango ilichojiwekea? Ukiyatenganisha hayo matatu, sehemu kubwa ya hofu inakosa mahali pa kusimama. Malaria haizuii mtu. Minyoo haizuii. Vidonda vya tumbo, ambavyo nusu ya mtaa wetu wanavyo, havizuii.

Kila nchi inayapima maswali hayo kwa uzito wake. Uingereza, kwa mtu anayetoka Kongo kwenda kukaa zaidi ya miezi 6, inataka cheti kimoja tu, cha kifua kikuu, yaani tibi. Ubelgiji, kwa viza ya muda mrefu, inaomba hati ya daktari aliyekubaliwa na ubalozi, inayosema huna moja ya magonjwa yaliyoorodheshwa katika sheria yake ya mwaka 1980. Tibi ya mapafu imo. Kanada na Australia zinauliza pia swali la gharama, waziwazi. Marekani inawaachia madaktari maswali mawili ya kwanza. Gharama inaangaliwa na afisa wa viza mwenyewe, anayejiuliza kama utakuwa mzigo kwa serikali. Kwa hiyo mwenye kisukari au presha anayekwenda huko atayarishe vizuri karatasi za kipato cha mdhamini wake.

Mambo haya hayakuanza jana. Marekani ilitunga sheria mwaka 1891 ya kuwazuia wageni wenye magonjwa ya kuambukiza, na mwaka uliofuata kikafunguliwa kituo cha Ellis Island, mbele ya New York. Daktari alisimama akiwatazama watu wakipanda ngazi na mizigo yao, na aliyemtilia shaka alimwandikia herufi kwa chaki kwenye koti: E kwa macho, H kwa moyo, L kwa anayechechemea. Kope ziligeuzwa kwa kindoano cha kufungia vifungo vya viatu, kutafuta trakoma, ugonjwa wa macho unaoambukiza. Leo hakuna chaki, lakini wazo ni lile lile, na pengine ndiyo sababu mtu anaingia katika chumba kile akijihisi mshitakiwa.

Sasa, daktari gani? Hapa watu wetu wanapoteza pesa. Tuna madaktari hodari Bukavu, watu wanatoka mbali kuja kutibiwa hospitali ya Panzi, lakini saini ya daktari hodari haitoshi. Lazima awe kwenye orodha ya nchi husika, na orodha hiyo iko wazi kwenye tovuti ya uhamiaji ya nchi hiyo au ya ubalozi wake. Kwa Marekani, unakwenda kwa daktari wa ubalozi unaoshika dosie (faili) yako. Ikiwa dosie iko Kinshasa, ni Kinshasa. Kanada inakubali daktari yeyote aliye kwenye orodha yake, nchi yoyote aliyopo. Kwetu sisi tofauti hiyo ni kubwa. Tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 na uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa, kwenda Kinshasa ni kuzunguka kupitia nchi nyingine, lakini Kigali ni kuvuka mto Ruzizi kuingia Rwanda na kupanda basi Kamembe. Usiende kabla ya kupata barua ya maelekezo yenye namba ya dosie yako. Bila namba hiyo daktari hana mahali pa kutuma majibu.

Nilimsindikiza shangazi yangu katika safari hiyo. Mumewe yuko Kanada na ndiye aliyemwombea viza. Tulivuka asubuhi, tukapita msitu wa Nyungwe kukiwa na ukungu, tukalala Kigali kwa rafiki, na kesho yake tukawa kliniki mapema. Aliulizwa magonjwa ya nyuma, operesheni, dawa anazotumia. Akapimwa urefu, uzito, macho, masikio, presha. Daktari akasikiliza moyo na mapafu, akagusa tumbo, akatazama ngozi. Kwa Kanada mkojo unapimwa kuanzia miaka 5, radio ya kifua (picha ya eksirei) kuanzia miaka 11, na damu kuanzia miaka 15: kaswende, VVU na hali ya figo.

Nataka wanawake wa Kivu walisome hili polepole, kwa sababu najua ni wangapi wanaogopa chumba kile kwa sababu wasizozisema. Katika vipimo vya Kanada, daktari hahitaji kukagua sehemu zako za siri. Hazimo katika vipimo. Una haki ya kuomba mtu mwingine awepo chumbani wakati wote, una haki ya kusimamisha vipimo na kuuliza kinachofanyika. Shangazi aliomba muuguzi wa kike abaki. Hakuna aliyekasirika, na hakuna kilichoandikwa vibaya kwenye dosie. Na mwenye mimba aseme kabla ya radio. Uingereza inaruhusu mjamzito atoe makohozi badala ya radio. Kanada inaweza kungoja hadi ajifungue, ingawa dosie nayo itangoja.

Alipoulizwa kama amewahi kuugua tibi, shangazi alijibu hapana.

Aliugua mwaka 2004. Alitibiwa hapa Bukavu miezi yote, akapona, akaolewa, akazaa. Lakini jibu lilikuwa limeshaandaliwa nyumbani, na komisioneri mmoja, kati ya hawa wanaojaza fomu za watu kwa dola, alikuwa amemwambia "usijichimbie kaburi." Kisha akapigwa radio. Tulikaa kwenye benchi karibu saa nzima, halafu daktari akamwita na kumwonyesha picha kwenye skrini: juu ya pafu la kulia kulikuwa na mstari mweupe na vidoa kama chumvi iliyomwagika mezani.

"Mama, hili ni kovu. Uliwahi kutibiwa?"

Shangazi alinitazama mimi, akatazama chini. "Ndiyo, daktari."

Tibi ikipona inaacha alama, na alama hiyo haifutiki kwa maziwa wala kwa maombi. Radio inaona kivuli, lakini haijui kama kivuli hicho ni cha vijidudu vilivyo hai au ni kovu la vita vilivyokwisha. Kwa hiyo aliye na kivuli lazima atoe makohozi, na hapo ndipo muda unapoliwa. Sampuli ni 3, za asubuhi tofauti. Kliniki ile ilikuwa na kibanda kilicho wazi nyuma ya jengo, hewa ikipita. Muuguzi alimpa kikopo chenye kifuniko na kumfundisha: suuza mdomo kwa maji, vuta pumzi ndefu mara mbili, kohoa kutoka chini kabisa, mate hatuyataki. Asubuhi ya kwanza alitoa mate. Asubuhi ya pili alielewa.

Makohozi yanaangaliwa kwanza kwa darubini, jibu linatoka siku chache. Lakini darubini inakosa vijidudu vikiwa vichache, kwa hiyo yanapandwa labo, kama mbegu kwenye kitalu, kungoja kama kuna kitakachoota. Kijidudu cha tibi kinakua polepole mno, ndiyo maana kungoja huko kunafika wiki 8. Hakuna pesa inayokiharakisha. Ukiambiwa na mtu kwamba anaweza kukupatia jibu wiki ijayo, anakuuzia karatasi.

Kama kitu kingeota, safari ingesimama na matibabu yangeanza: dawa za miezi 6, ukinywa mbele ya mhudumu, kisha vipimo upya. Ni kuchelewa kuchungu, lakini si kukataliwa. Mtu anatibiwa, anapona, anaondoka. Na kwa mgonjwa aliyeko hapa nyumbani, matibabu ya tibi ni bure katika vituo vya serikali. Asikae na kikohozi akingoja barua ya viza kwanza. Atibiwe, na atunze fishi (kadi) ya matibabu kama anavyotunza paspoti: tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, majina ya dawa, matokeo ya makohozi ya mwisho. Shangazi hakuwa na karatasi hata moja. Angekuwa nayo, na angesema ndiyo tangu mwanzo, bado angetoa makohozi, lakini asingeandika barua ya kueleza kwa nini alikana. Uongo kwenye maombi ya Kanada ni kosa linaloweza kukufungia mlango miaka 5. Tibi iliyopona haina adhabu ya namna hiyo.

Neno moja kuhusu BCG, chanjo inayoacha kidoa mkononi, kwa sababu wazazi huniuliza. Kipimo cha zamani cha kuchoma ngozi kinaweza kuvimba kwa sababu tu mtoto alipata BCG. Ndiyo maana Marekani, kwa watoto wa miaka 2 hadi 14 wanaotoka nchi zenye tibi nyingi kama yetu, inatumia kipimo cha damu ambacho hakidanganywi na chanjo hiyo. Mtoto akionyesha alama hapo, haina maana kwamba anaumwa. Ina maana amewahi kukutana na kijidudu, na anapigwa radio kuhakikisha.

SIDA, yaani UKIMWI, ndiyo hofu ya pili, na hapa habari za mtaani zimechelewa miaka mingi. Marekani iliwazuia wenye VVU tangu 1987, lakini zuio hilo liliondolewa tarehe 4 Januari 2010, na VVU havimo tena katika orodha ya magonjwa yanayozuia viza. Kanada inapima, lakini haihesabu VVU kama hatari kwa umma. Inachoangalia ni gharama ya dawa, kwa wale wanaoguswa na swali la gharama. Kaswende inatibika kwa sindano, na ukishatibiwa na karatasi ipo, jambo limekwisha.

Hilo la gharama lina mlango ambao wengi hawaujui. Kanada inaweka kiwango cha kila mwaka, na tangu 2018 kiwango hicho ni mara 3 ya wastani wa matumizi ya afya na huduma za jamii kwa mtu mmoja. Australia nayo iliweka chake kuwa dola zake 86,000 kuanzia Julai 2024, kwa jumla ya muda wa kukaa unaohesabiwa, si kwa mwaka. Mtu anayehitaji kusafishwa figo kwa mashine anakipita mara moja. Lakini Kanada haiwaulizi kabisa swali hilo wakimbizi, wala mume, mke na watoto wa mtu aliyeko kule anayewaombea. Nimeona mama mwenye mtoto mlemavu akikata tamaa ya kumfuata mumewe kwa sababu ya swali ambalo sheria ile haimuulizi. Na anayeulizwa hupewa kwanza barua ya kumtaka ajieleze, yenye siku 90 za kujibu. Barua hiyo inatisha kwa lugha yake, watu wanaisoma kama hukumu na kuiweka kabatini. Ni nafasi ya kuleta maelezo ya daktari wako, bei halisi ya dawa, mpango wa nani atalipa.

Ninalolisema kwa uchungu zaidi ni la watoto walioachwa. Katika familia zetu mtoto anaweza kukaa kwa bibi Walungu, au kwa mjomba Uvira, na hakuna anayeona ni ajabu. Wakati wa kujaza fomu, baba anafikiri: huyu hasafiri sasa, tukimtaja tutalipia vipimo bure, nitamwita baadaye. Kwa Kanada, hilo ni shimo. Mtoto wako anapimwa hata kama hasafiri nawe, na mtoto ambaye hakutajwa wala kupimwa wakati mzazi anapata ukaazi anaweza kuondolewa moja kwa moja katika kundi la familia linaloweza kuombewa. Mwaka 2019 Kanada ililegeza kamba kwa baadhi ya watu, hasa waliofika kama wakimbizi, lakini usijenge nyumba juu ya huruma hiyo. Familia moja ninayoifahamu Kadutu ilimwacha binti wa miaka 9 nje ya dosie. Kwa umri wake hata radio asingepigwa, mkojo tu na daktari kumtazama. Leo ana miaka 16 na bado yuko kwa bibi.

Waliokimbilia makambini Burundi, Uganda au Tanzania hawalipii vipimo vyao vya kupelekwa nchi ya tatu. Mara nyingi vinafanywa na OIM, shirika la kimataifa la uhamiaji. Waliokwenda Marekani, kabla mpango wake wa wakimbizi haujasimamishwa Januari 2025, walipewa pia dawa kabla ya kupanda ndege: za malaria, minyoo na kichocho. Ivermektini, moja ya dawa za minyoo, ndiyo iliyozuiliwa kwa Wakongomani wengi hadi wapimwe damu, kwa sababu katika sehemu za nchi yetu kuna mnyoo wa loa loa, na dawa hiyo ikimkuta kwa wingi ndani ya damu inaweza kudhuru ubongo. Kwa hiyo kama jirani wa kutoka nchi nyingine alipewa kidonge ambacho wewe hukupewa, hukubaguliwa.

Halafu kuna kalenda. Vipimo vina muda wa kuishi: Kanada na Australia miezi 12, cheti cha tibi cha Uingereza miezi 6, Marekani kwa kawaida miezi 6, na kwa wenye alama za tibi inaweza kupungua hadi 3. Viza ikichelewa, unapimwa tena. Januari 2025 Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, watu waliokuwa wameuza mpaka masufuria walibaki wamekaa, huku siku za vipimo vyao zikiendelea kuhesabiwa. Karatasi ya njano ya homa ya manjano ndiyo pekee isiyozeeka; tangu Julai 2016 inadumu maisha yote, hata kama yako ina tarehe ya mwisho iliyoandikwa zamani. Angalia pia majina. Sisi tuna matatu, na hilo la katikati, postnomu, linapotea kirahisi kwenye fomu za kigeni. Jina la paspoti, la barua ya vipimo na la fishi ya chanjo yafanane herufi kwa herufi kabla hujavuka Ruzizi.

Wiki 8 za shangazi ziliisha mwezi wa saba. Hakuna kilichoota. Viza ilipotoka ilikuja na karatasi ya ziada iliyomtaka ajitambulishe kwa idara ya afya ya jimbo lake ndani ya siku 30 tangu kufika, kwa sababu ya kovu lile, na komisioneri yule yule akamshauri aitupe njiani. Hakuitupa. Aliiweka kwenye bahasha pamoja na radio yake, akaibeba mkononi ndani ya ndege, na wiki ya tatu akatupigia simu jioni ya kwetu. Walikuwa wamempiga radio nyingine, akasema, wakaziweka mbili kando kwa kando mbele ya macho yake, na kovu liko pale pale, halijasogea.